Ngoma Iliniita Mara Tatu

Zaina alinipigia simu nikiwa jikoni nachambua mchele. Hakuzunguka. "Dada Vero, baba ametutoka. Tulimuzika jana. Arobaini iko huku Kabambare. Kama unaweza, ukuje." Nikampa pole, nikasema nitakuja, nikauliza maswali yale ambayo mtu huuliza ili asikae kimya: aliugua nini, alisema nini, nani alikuwepo. Akajibu yote. Aliugua uzee tu, na mpaka juzi alikuwa anakula vizuri. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kumfariji mwenzake: "Wewe ulikuwa mutoto wa nyumba." Simu ilipokatika nilirudi kwenye ungo nikachambua upya mchele ambao ulikuwa safi tayari, punje kwa punje, mpaka mume wangu akaja kuuliza kama leo tunakula ama hatuli.

Ngoja niseme jambo lenyewe mara moja, maana nikianza kuzunguka nitapata njia ya kujitetea, na mimi kwa kujitetea ni hodari. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mtu mmoja alinilisha nyumbani kwake tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi, akanipa jina, na siku aliyoniita kwa jina hilo mbele ya watu nilinyamaza kama simjui. Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyekufa, hakuna kilichoibiwa. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Mimi hata teke sikupiga, nilikaa kimya na fidla yangu begani. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na aibu hii nimeiosha peke yangu miaka zaidi ya arobaini. Mume wangu nilimwambia mwaka jana, tena nusu yake.

Ilikuwa Kasongo, nchi ingali inaitwa Zaire, na mimi nilikuwa mwaka wa tano kwenye lisee, sekondari ya wasichana, bwenini. Mtawa aliyetufundisha muziki tutamwita Masera Leonia. Alikuwa mrefu, anatembea kwa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni, na mwaka ule alikuwa na wazo moja ambalo hakuliacha hata mezani: konseri. Si kwaya ya Krismasi, alisema, konseri, ya vyombo vichache, ndani ya sali, ule ukumbi wa shule, ambamo muziki wa zamani kabisa utakaa benchi moja na muziki wa jana. Utaanza wimbo wa Kilatini wa watawa wa kale, sauti tupu bila chombo. Zifuate dansi za mabwana wa Ulaya za miaka zaidi ya mia tatu, kwa filimbi za mbao. Halafu kipande kirefu, cha adabu, cha fidla mbili, fidla kubwa na kinanda. Na mwisho muziki mpya, ambao aliuandika yeye mwenyewe: fidla moja, gitaa la rumba, na ngoma ya gogo. Sisi wasichana tulicheka chini chini. Kinanda chenyewe kilikuwa kimetafunwa na panya mifuko ya upepo, tukakibandika kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Fidla kubwa ilikuwa na uzi mmoja wa waya wa freni, na sauti yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwalimu aliyeipiga alijifunza kuuruka uzi ule kama mtu anayeruka dimbwi. Lakini fidla ya kipande cha mwisho nilipewa mimi. Na habari ilikuwa imeenea bwenini kwamba atakuja mgeni kutoka Kinshasa, Professa wa shule ya muziki, na kwamba atachagua msichana mmoja wa kwenda kusoma kule. Niliitaka nafasi ile kuliko wote.

Mpiga ngoma alikuwa Baba Zaina, Mubangubangu wa upande wa Kabambare aliyekuja Kasongo kuchonga vinu na miko, Mwislamu wa swala tano, mfupi, mikono mipana. Ngoma ya gogo haina ngozi. Ni kipande cha mti kilichochimbwa ndani kupitia ufa mmoja wa juu, na ule ufa una midomo miwili: mmoja umechongwa mwembamba, sauti yake iko juu, mwingine mnene, sauti yake iko chini. Ngoma yake aliichonga mwenyewe kutoka kwenye mti wa kwao. Noti hakusoma. Masera alinituma kwake mara tatu kwa wiki, baada ya masomo, nikamfundishe aingie wapi na atoke wapi. Nikaenda na fidla mgongoni na kichwa kimejaa, mwalimu mzima.

"Baba Zaina, unahesabu nne, halafu unaingia," nikamwambia siku ya kwanza.

"Nihesabu nini? Mbuzi?"

"Mapigo."

"Mapigo hayaibiwake, mama. Kwa nini kuyahesabu?" Akanitazama bila kucheka. "Uniambie weye unafanya nini pale nitaingia."

Nikamwonyesha: pale navuta uzi wa chini, mrefu, mpaka upinde unaisha. Akasema nivute tena. Nikavuta. "Eee, sasa umesema. Ile nitaisikia." Na kweli, tangu siku ile hakukosea hata mara moja, wakati mimi niliyehesabu nilikosea kila wiki.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na kazi yetu tuliifanya uani, lakini mimi ninachokumbuka ni jiko. Lilikuwa chumba kidogo cha nyuma, moto wake ni wa maranda ya vinu, kwa hiyo moshi ulinukia utamu wa mti mbichi, na ukutani viliegemezwa vinu ambavyo havijamalizika, vingine vina tumbo bila mdomo. Mama Zaina aliketi katikati ya yote hayo kama mwenye duka. Bwenini tulikula bugali na maharagwe yenye wadudu, jana, leo na kesho. Pale kulikuwa na wali wa Kasongo, sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa vizuri na kuungwa kwa mawese, na samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe. Siku ya kwanza nilikataa kwa adabu. Mama Zaina alisukuma tu sahani mbele yangu, na Zaina, aliyekuwa na miaka mitano, akakaa upande wa pili wa sahani ile ile akaanza kula. Nami nikala. Kuanzia wiki ya pili nilikuwa nikifika kabla ya saa, na fidla wakati mwingine haikutoka ndani ya sanduku mpaka sahani imekwisha. Waliongea juu ya kichwa changu, mambo ya soko, ya jirani aliyeoa mke wa tatu, na mara Mama Zaina akanong'ona, akidhani sisikii, "Huyu mutoto wanamulisha nini kule kwa masera? Tazama shingo." Nilipokuja tena nilikuta yai.

Siku moja Baba Zaina aliniambia kwamba siku ya konseri, kabla ya kuanza, atasalimia. "Ngoma haiingiake kwa watu bila kubisha hodi," alisema. Kwao kila mtu anayestahili ana jina lake la ngoma, si neno moja bali msemo mzima, na mpigaji akifika mahali anawaita waliopo, mmoja mmoja. Jina la aliye hai linatanguliwa na pigo moja la mdomo mwembamba. Unaitwa, unasimama, unasema "Niko." Jina la aliyekufa linatanguliwa na pigo la mdomo mnene, na hapo watu wote wanamwitikia kwa pamoja: "Alikuwako."

"Na mutu akiitwa asiitikie?" nikauliza. Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali, nakumbuka.

"Muzima ninamwita mara tatu. Pengine alikuwa anakohoa. Mara tatu asiposema kitu, basi, jina ninaipeleka mudomo munene. Mimi si hakimu. Mufu ninamwita mara moja, yeye hakohoake." Akachukua patasi yake. "Wazee walisema usikatae wito, kataa neno. Mutu aitikie kwanza. Kugombana kunakuja nyuma."

Wiki chache baadaye, mvua inanyesha, Mama Zaina akiniongezea sombe mara ya pili, tukasikia ngoma kutoka barazani: pigo jembamba, halafu msemo mrefu unaopanda na kushuka. Mama Zaina alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Nikauliza ni nini. "Ni weye. Amekupa jina." Jina lenyewe ni la Kibangubangu na hapa sitaliandika, mtaona kwa nini. Maana yake ni hii: Aliyekuja kwa kazi akakaa kwa chakula, sahani yake haikauki. Nikaona haya, lakini haya tamu, ile ya mtu anayetaniwa na watu wake. "Itikia basi," Mama Zaina akasema, na mimi nikapaza sauti kupita mvua: "Niko!" Tangu siku hiyo, akiniona ninapinda njia pale kwenye migomba, alikuwa ananiita, nami ninajibu kutoka mbali, ninakimbia. Watoto wa jirani walijifunza kunijibia. Sijawahi tena maishani mwangu kukaribishwa namna ile mahali popote, na nimekaribishwa mahali pengi.

Wiki mbili kabla ya konseri nilimweleza Masera juu ya salamu. Akashika paji la uso. Kipande kina dakika sita, alisema, Professa ana gari la kurudi, na hii ni konseri, si matanga. Hakuna salamu. "Vero, umuambie weye, anakusikiaka." Nikasema ndiyo, Masera. Nilikwenda kwa Baba Zaina siku hiyo hiyo na sentensi yangu tayari mdomoni, nikakuta wamepika samaki mbichi, nikala, nikarudi bila kusema. Mara ya pili vivyo hivyo. Masera akaniuliza: umemuambia? Nikasema nimemuambia. Alikubali? Alikubali. Uongo ule niliutoa bila shida yoyote, ndiyo maana hata leo mwanafunzi akinijibu haraka mno simwamini.

Konseri ilifanyika Jumapili alasiri, kiangazi, madirisha ya sali yamefunguliwa yote na vumbi la barabara linaingia. Benchi ya mbele alikaa Professa, mwanamume wa suti ya kijivu, mpole, miguu yake hatua tatu kutoka kwangu. Nyuma yake wakubwa wa mji, nyuma yao wasichana wa bweni, halafu watu wa Kasongo wenyewe: mama wa soko, walimu, na benchi nzima ya wazee wa msikiti waliokuja kwa ajili ya Baba Zaina, wameweka kofia zao vizuri. Mama Zaina alikuwa ukutani kabisa, amejifunga kikwembe kipya, Zaina mapajani. Kilatini kilipita vizuri. Dansi zilipita, filimbi moja ikapiga yowe, watu wakapenda. Kile kirefu cha fidla mbili, waya wa freni ukaguswa mara moja tu. Halafu tukapanda sisi watatu, mimi na mpiga gitaa tukakaa, na Baba Zaina, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakatika, akaweka ngoma yake juu ya viti viwili. Nikainua fidla. Akainua miti yake ya kupigia, na badala ya kunisubiri akapiga pigo jembamba.

Alimwita kwanza Masera, mwenye nyumba, kwa jina alilomtungia mwenyewe. Masera hakujua kwamba anaitwa, alikuwa ananitazama mimi kwa macho ambayo sitayasahau, lakini mzee mmoja wa nyuma akamjibia kwa heshima, na watu wakapiga makofi kidogo. Akamwita mkubwa wa msikiti. "Niko." Akamwita mama mmoja muuza samaki, naye akasimama na mwili wake wote: "Niko!" Sali ikachangamka, watu wakageuka, wakaanza kusubiri nani anafuata. Ndipo akapiga jina langu.

Nilisikia kicheko kikianza kwenye benchi za nyuma, kicheko kizuri, cha watu waliosikia maneno. Mama mmoja akaanza kuwatafsiria wasichana wa bweni: aliyekuja kwa kazi akakaa kwa chakula. Nikawaona wanatafutana kwa macho, nani huyo, nani huyo mlafi. Nikamwona Masera, ambaye nikisimama atajua kwamba nilimdanganya. Nikaona viatu vya Professa. Akapiga mara ya pili. Baba Zaina alikuwa ananitazama sasa, na uso wake ulikuwa ule wa pale kwenye migomba, uso wa mtu anayesubiri mtoto apinde njia. Professa akainama mbele, akaniuliza polepole kwa Kifaransa: "Madmazeli, anamwita nani?"

Nami nikasema, kwa Kifaransa changu kizuri cha lisee, sauti si ndogo: "Hakuna mtu, Professa. Ni mapigo tu."

Kifaransa Baba Zaina alikisikia kidogo. Kidogo kile kilitosha. Hata hivyo akapiga mara ya tatu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, taratibu kuliko mbili za kwanza, akiacha nafasi kubwa baadaye. Pale nyuma Zaina mdogo akaita, "Niko!" kwa niaba yangu, kama watoto walivyozoea, na mama yake akamziba mdomo. Kicheko kilikwisha. Nikavuta uzi wa chini, mrefu, mpaka upinde ukaisha, na Baba Zaina akaingia pale pale anapoingia siku zote. Nilipiga vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Katika maisha yangu sikuwahi kupiga vizuri namna ile, na Professa akanichagua mimi kabla hajamaliza chai yake.

Nilikwenda kuaga baada ya siku nne. Nilipofika kwenye migomba nilipunguza mwendo, nikasubiri. Niliona mgongo wake, anachonga kinu, na kichwa chake kiligeuka, aliniona. Akaendelea kuchonga. Mama Zaina alikuwa amefunga chakula cha safari kwenye majani, wali mkavu na samaki, akanipa mkononi akasema, "Usisahau kula, mama." Hakuna aliyenisema. Mimi, kwa upumbavu wangu, nikijaribu kufanya mambo yawe kama zamani, nikamwambia Baba Zaina anipigie jina la kuagana. Akapuliza maranda kutoka kwenye kinu. "Ile jina haina tena pa kukaa, mama," akasema. "Uende muzuri. Upige ile fidla yako." Akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa wa upole, heri asingenipa.

Maisha yakanipeleka. Shule, cheti, kazi ya ualimu, mwisho nikarudi Maniema, Kindu. Na unajua nilichojulikana kwacho? Ngoma ya gogo. Nilikuwa mwalimu wa kwanza wa muziki shuleni kwetu kueleza kwamba ile ngoma inasema maneno, na mwanafunzi aliyethubutu kuniambia "ni mapigo tu, Madame" nilimfokea mbele ya wenzake mpaka akataka kulia. Jina langu lenyewe nililiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, mdundo kwa mdundo, juu na chini, kama mfano. Niliwaambia ni jina la msichana mmoja wa zamani wa Kasongo. Kasongo nilipita mara kadhaa kwa kazi, na kila mara nilisema nina haraka. Baadaye nikasikia Mama Zaina amefariki, na Baba Zaina amerudi kwao Kabambare na binti yake. Nikatuma salamu. Salamu zilirudi.

Kwa arobaini nilipanda pikipiki kutoka Kindu, nikalala Kasongo, asubuhi nikapita sali ile, sasa wanaweka viti vibovu, na jioni nikafika Kabambare na mgongo hauna kazi. Zaina alinikumbatia muda mrefu. Ana mvi. Asubuhi kisomo kilisomwa, watu wakala, na yeye mwenyewe akaniletea sahani: wali, sombe ya mawese, samaki. Akakaa kando yangu kwenye mkeka. Nikamuuliza kama ni kweli baba yake alimfundisha ngoma, yeye mwanamke.

"Atafundisha nani? Wadogo zangu wanaume wote wako Salamabila, wanachimba dhahabu," akasema. "Majina ya wafu njo alinifundisha kwanza. Alisema muzima ukimusahau atakukumbusha mwenyewe, mufu hawezi." Akajifuta mikono kwenye kikwembe. "Dada, ula. Hujagusa."

Nikala. Alikwenda akakaa nyuma ya ile ngoma, ile ile, imekuwa nyeusi kwa kushikwa. Akaanza na mdomo mwembamba, akawaita waliopo: wazee, majirani, ndugu wa mbali. "Niko." "Niko." Kila pigo jembamba lilipoingia masikioni nilijikuta nakusanya miguu, mwanamke mzima wa miaka yangu, nikijiambia kwamba mtoto yule alinijibia siku ile, kwamba huenda amenitunzia jina. Aliwaita wote, hata dereva wa pikipiki aliyenileta alipata jina la kuchekesha. Halafu akapumzika kidogo, akahamisha mti mkono wa pili, akapiga mdomo mnene.

Wa kwanza baba yake. "Alikuwako." Mama yake. "Alikuwako." Mababu, mashangazi, mtoto aliyekufa kwa surua. Watu waliitikia wakiwa wameinamisha vichwa, nami pamoja nao. Kisha pigo nene, na baada yake msemo mrefu unaopanda na kushuka, ambao nimeuandika ubaoni miaka yote ile na sikuwahi tena kuusikia kwa mti. Zaina hakuinua macho. Sijui kama alijua jina lile ni la nani, na sikumuuliza, hata leo. Alilipiga mara moja, kama inavyotakiwa, sahani ingali mapajani mwangu, ina mafuta bado. Watu wote wakasema, "Alikuwako," na mimi nikaitikia pamoja nao.